Sharti la Bernadina

Mtu akiumia barabara ya Oldeani, anayepigiwa simu ni Germana wa Ganako. Miaka saba iliyopita lori lilipinduka karibu na shamba lake, na utingo akakata roho mikononi mwake. Tangu hapo yeye ndiye mwenye namba ya nesi wa kituo cha afya, na ndiye ajuaye kuelekeza gari la wagonjwa.

Tangu hapo pia, majirani hawamwombi hata chumvi. Wairaqw wa zamani walikuwa na metimani: aliyeguswa na kifo au damu hujitenga, asije akawapelekea wengine mkosi. Siku hizi wote ni Wakristo, na kengele ya kwanza inawakuta wameshakaa kanisani, lakini mkosi wanauogopa vilevile. Shuleni tuliimbishwa kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa Germana, dhiki ikiisha, rafiki haalikwi ubatizo.

Ana mtoto mmoja tu, Eva, aliyeolewa Oldeani. Mimba mbili zilimharibikia. Ya tatu ikaleta binti mzima. Bernadina, mama mkwe wa Eva, alimruhusu Germana aje kumpakata mjukuu Alhamisi, kwa sharti kwamba asiwe amegusa damu tangu mwezi uandame. Basi Germana, kwa mara ya kwanza, akazima simu. Siku kumi na moja aliiacha kabatini imezimwa, na aibu ya jambo hilo ilimnyima usingizi.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa amebakiza kilomita moja hivi, kidumu cha samli mkononi, simu ndani ya mkoba. Kwenye mteremko wa mashamba ya kahawa akakuta pikipiki mtaroni, tairi la nyuma likizunguka bado. Mwanamume alilala kando yake, paja limechanika, damu inaruka.

Aliwasha simu. Iliwaka taratibu kama vile nayo imesusa. Nesi akamwambia akandamize jeraha kwa nguvu zote, asimnyanyue mgonjwa, asimpe maji. Germana akamwelekeza: njia panda ya mashine ya kusaga, kushoto, mteremko wa pili.

Wakati huo wanaume wawili wa Ganako wakasimamisha pikipiki yao. Aliwasihi mmoja wao akandamize, yeye aende kulipokea gari.

“Mama Eva, wewe si umeshazoea,” alisema mmoja, wala hakushuka. Wakaondoka kwenda njia panda kulisubiri gari.

Germana akavua kitenge, akakikunja, akakandamiza. Alilia kwa hasira, lakini mikono haikulegea. Mgonjwa, Remigius, fundi seremala, alimwomba asiondoke. Akamsimulia habari za mjukuu ambaye hajamwona. Gari lilipofika baada ya dakika arobaini, Remigius alikuwa hai, na kitenge kikaondoka naye.

Alinawa mferejini kwa mchanga mpaka kucha zikawa nyeupe. Gauni halikuwa na doa. Habari ingefika Oldeani, lakini si leo. Leo angeweza kumpakata mtoto nusu saa, akamnusa utosi, akaenda zake.

Bernadina alimpokea langoni akitabasamu, mikono imenyooshwa. Germana akarudi nyuma hatua moja, akamweleza yote. Bernadina si mtu mbaya, machozi yalimlengalenga. Alisema hamfukuzi mkwe wake, aje tu mwezi mwingine ukiandama. Germana akakiweka kidumu chini mwenyewe.

Eva akatoka mpaka kizingitini, bila mtoto.

“Ungenyamaza tu, Mama. Kwa leo nani angejua?”

“Kesho wangejua. Na mtoto akichemka mwili, angeulizwa nani? Si wewe?”

Eva akajifuta uso kwa kanga, akaingia ndani. Bernadina naye akachukua kidumu, akamfuata, akaurudisha mlango.

Ndipo mtoto akalia. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye hasira, ya mtu mwenye afya. Germana akashika mti wa lango akasikiliza, asitake hata kukohoa. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikanyamaza; bila shaka kuna aliyembeba. Alingoja kidogo, pengine atalia tena. Hakulia, naye akashika njia ya Ganako.