Kinyozi wa Vichwa Vinavyoongea

Wapo watu wanaoitwa kwa majina ya baba zao, na wapo wanaoitwa kwa kazi zao. Huyu wetu aliitwa Bwana Kiti. Alikuwa kinyozi, tena mwenye mashine mbili za kunyolea, kioo kirefu na kibao cha rangi juu ya mlango, lakini katika hayo yote mtaa haukujali chochote isipokuwa kiti chake.

Sababu ilikuwa moja. Mtaa ule ulikuwa bondeni, na huko bondeni simu ilikuwa pambo tu. Mtu aliinunua, akaivalisha kava, akaining'iniza shingoni, basi. Mtandao ulishika mahali pamoja peke yake: kwenye kiti cha kinyozi, karibu na dirisha, tena kikiwa kimepandishwa juu kabisa kwa kile kikanyagio chake. Ukikishusha kidogo, mazungumzo yanakatika. Nani aligundua jambo hilo haijulikani, maana waliodai kuligundua ni wengi kuliko waliokuwa na simu.

Bwana Kiti hakutaka mchezo. Kiti ni cha kunyolea, alisema, na anayekikalia ananyolewa. Kwa hiyo ukitaka kujua nani ana ndugu wengi mbali, ulitazama vichwa. Karani mmoja wa ghala, mwenye mchumba mji mwingine, aling'aa kuliko sufuria mpya. Kina mama walikuja na watoto mapajani, mama anaongea, mtoto ananyolewa, na watoto wa mtaa ule wakakua bila kujua nywele zao zina sura gani. Palikuwa na mzee mwenye kipara cha kujaliwa na Mungu. Huyo alinyolewa ndevu, na ndevu zilipokwisha akanyolewa nyusi, maana wanawe walikuwa wanapenda kupiga simu.

Na kila aliyeketi alianza kwa maneno yale yale: "Haloo, sema haraka, niko kwenye kiti." Hakuna hata mmoja aliyesema yuko kwa kinyozi. Bwana Kiti aliyasikia kila siku lakini hakuyatia moyoni. Foleni ilifika barabarani, na mwenye foleni hana muda wa kununa.

Kazi yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa nyepesi. Kichwa kinachoongea na simu hakitulii. Kinaitikia, kinakataa, kinacheka, kinageuka kutazama kama kuna anayesikiliza. Mwanzoni masikio ya watu yaliona cha mtema kuni. Kisha mkono ukazoea. Kiganja cha kushoto kilikaa utosini, na mashine ya mkono wa kulia ikafuata maongezi. Alijua kwamba habari ya msiba hupeleka paji mbele, na kwamba mtu akisema "nitatuma kesho" atalaza kichwa upande, kila mara, awe mwanamume awe mwanamke. Hapo ndipo Bwana Kiti alipokuwa akinyoa nyuma ya sikio.

Basi mnara wa simu ukaja. Mafundi walipanda kilimani na vyuma vyao, na wa kwanza kuwapokea alikuwa Bwana Kiti. Aliwapelekea maji, akawaonyesha njia ya mkato, na gari lao lilipokwama akalisukuma mpaka suruali ikapasuka. Alikuwa amekwisha piga hesabu zake: kama mtandao kiduchu umemletea vichwa vyote hivi, mtandao mwingi utamletea na vya mtaa wa pili. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani hapo hapo mlangoni, alimwuliza huku akishona ile suruali kama ana hakika. Akajibiwa kwamba mambo ya mtandao amwachie mwenyewe.

Siku mnara ulipowashwa watu walishangilia, na Bwana Kiti akashangilia kuwapita wote. Kesho yake akapandisha kiti, akakung'uta shuka, akasubiri. Watu walikuwa wanaongea na simu vitandani, chooni, juu ya baiskeli. Wauza laini walisimamisha miavuli kila kona. Hata bibi mmoja aliyekuwa akiapa kwamba simu ni uchawi alijipatia laini mbili, moja ya kupigiwa na wanawe na nyingine ya kugombezea wake zao. Kwenye kiti alikaa nzi.

Nywele za mtaa zikaota. Ndugu waliopishana njiani walihitaji kuangaliana mara mbili ndipo wasalimiane. Zilipozidi zikaenda kunyolewa ng'ambo ya barabara kuu, kwa Fundi Kimya, kinyozi wa mistari iliyonyooka, ambaye kwake ukishakaa ni kama umekufa, hutakiwi hata kutikisika. Bwana Kiti alipita mbele ya duka lile akijifanya anatafuta kuku aliyepotea. Alipita mara nyingi mno, mpaka Fundi Kimya akamhurumia, akatoka kumsaidia kumtafuta.

Mkewe alivumilia, halafu siku moja akaingia ndani na utepe wake wa kupimia, akaanza kupima ukuta. Kazi za kushona zilikuwa zimemjaa, na kule barazani mvua ilikuwa inamlowesha vitambaa vya watu. Alisema hali ikiwa hivi hadi mwisho wa mwezi, kiti kitoke, cherehani iingie. Bwana Kiti akamwambia wateja wake watarudi tu.

"Baba watoto, nakuuliza kitu kimoja, usikasirike," mkewe alisema. "Wale watu walikuwa wanakuja kwako, au walikuwa wanakuja kwenye kiti?"

Swali lilimchoma kwelikweli, kwa kuwa hata yeye hakujua jibu lake.

Mkewe, akijuta kidogo, akamlazimisha mdogo wake aje kunyolewa. Kijana alikuwa amepata kazi ya kuuza laini, na alikuwa anatakiwa kupigwa picha ya kitambulisho, ile picha ambayo mtu huvaa kifuani hadi astaafu. Akaja kwa unyonge. Simu yake akaiacha kwa dada inachajiwa, akaketi, akakunja mikono, akatulia tuli. Bwana Kiti hakuwa amepata kichwa kilichotulia tangu siku nyingi. Akafurahi, akawasha mashine.

Loo, mkono ukamwangusha. Ulikuwa umezoea kufuata, na sasa hapakuwa na wa kufuatwa, basi ukaenda zake. Uliitikia wenyewe, ukakataa wenyewe. Njia uliyoiacha ilianzia sikioni, ikapanda utosini, ikaenda kuamkia paji la uso na kurudi kwa kupitia kwingine. Shemeji alijitazama kwenye kioo. Kisha akaomba aletewe simu yake.

Alimpigia mwenzake wa kazini kumweleza kwamba leo haji kupiga picha, na kwa nini. Alieleza kwa uchungu, akitikisa kichwa, akikiinua, akikigeuza kulia na kushoto. Na pale, mkono wa Bwana Kiti ukaamka. Kiganja cha kushoto kikapanda utosini chenyewe. Mashine ikaanza kwenda na hasira za shemeji, ikisawazisha huku, ikinyoosha kule, na shemeji aliposema "nitakuja kesho" kichwa kikalala upande, na nyuma ya sikio pakawa safi.

"Shemeji, usikate simu," Bwana Kiti alisema.

"Ameshakata yeye."

"Basi mpigie mama. Yeye hamalizi upesi."

Kule barazani mkewe alikohoa, maana aliyesemwa ni mama yake mzazi. Lakini kijana alipiga, na mama alipofika katikati ya habari za majirani, kichwa kilikuwa kimekamilika. Picha ilitoka nzuri kiasi kwamba kazini walimwuliza kijana kitambulisho alichovaa ni cha nani.

Lakini kichwa kimoja hakilipi pango. Mwisho wa mwezi ulifika, na asubuhi hiyo Bwana Kiti alikuwa amepiga magoti, anafungua skrubu za kiti kwa mkono wake mwenyewe, mkewe amesimama na utepe. Roho ilikuwa inamuuma kinyozi wa watu. Ndipo akaingia Fundi Kimya, anamvuta mtu kwa mkono wa shati.

Mtu mwenyewe alikuwa pande la mtu, shuka la kunyolea bado shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, plasta sikioni, na simu kwenye sikio la pili, anamgombeza mtu kuhusu saruji. Inaonekana hakujua hata kwamba amevushwa barabara kuu.

Fundi Kimya alikuwa amekonda. Alieleza kwamba zamani watu walikuja kwake na simu zilizolala, lakini sasa kila kichwa kinalia kikiguswa tu. Alikuwa amebandika tangazo ukutani la kukataza simu, na wateja wakawa wanamsomea lile tangazo yule wanayeongea naye.

"Kaka, huyu amenishinda," alisema. "Nasikia wewe unaviweza vinavyoongea."

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yako. Kila anayemuuzia laini, anamwonyesha ile picha."

Bwana Kiti alizikaza skrubu upesi upesi. Akamketisha yule bwana, na kwa mara ya kwanza hakukipandisha kiti hadi juu, alikiacha kimo kinachoufaa mgongo wake mwenyewe. Kiganja utosini, mashine sikioni, vikaenda naye kwenye saruji, kwenye mchanga, kwenye deni la mabati. Fundi Kimya alitazama akiwa kimya, kama ilivyo desturi yake.

Upande wa pili wa simu, nadhani, mtu alimwuliza yuko wapi, maana yule bwana alikatiza habari za mabati, akatazama kioo, akatazama duka asilolijua, kisha akamtazama mwanamume aliyesimama nyuma yake.

"Niko kwa kinyozi," akajibu.

Mkono wa Bwana Kiti ulisita kidogo, kisha ukaendelea. Mkewe alikunja utepe wake, akarudi barazani kutafuta turubai la kuzuia mvua.