Dume Lenye Mayai Katika Bwawa la Kiden

Siku ngege dume alipopasuliwa akakutwa na mayai tumboni, Rosa Kiden alijua kwamba Aroi, kijiji cha mumewe, kimemshinda. Habari zilifika kwa wakwe kabla samaki hajafika kwenye sufuria.

Kiden alikuwa mtu wa Dranya, kule Koboko. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilimkimbiza hadi Zaire, na huko akajifunza kufuga samaki. Aliporudi akaolewa na Candia wa Aroi, mwanamume mpole ambaye hata kuku wake mwenyewe hawakumwogopa. Akachimba bwawa kwa mikono yake. Bwawa likazaa, yeye hakuzaa. Watu walimvumilia, maana midomo iliyojaa ngege haisemi sana. Lakini sasa misimu miwili bwawa nalo lilikuwa limegoma, na juu ya hayo, dume la mayai!

"Tumbo yake imeingia kwa maji," alisema Adriko, kaka mkubwa wa Candia, mkulima wa tumbaku. "Arudi kwao Dranya. Bwawa tukaushe."

Kikao kikaitwa uani kwa Adriko. Wanaume walikaa kwenye viti, Kiden kwenye mkeka kama mshitakiwa. Eyotaru, mke wa Adriko, alipitisha vibuyu vya kwete, pombe ya mahindi, kwa sababu kumfukuza mke wa mtu ni kazi ya kukausha koo. Candia naye, kwa mara ya kwanza maishani, alifanya ushujaa: alikwenda mjini Arua kwa baiskeli, akarudi na Santino, afisa wa samaki.

"Wewe mutu ya samaki, sema haraka," Adriko alimwamuru. "Hii ni laana ao si laana?"

Santino aligeuzageuza yule dume kwenye jani la mgomba.

"Mzee, kila dume iko na jeni ya kutengeneza kiini cha yai. Iko inalala tu. Kwa jike, homoni inaiamsha. Sasa, iko dawa za shamba zinajifanya homoni ya kike. Samaki akikua ndani yake, mwili unadanganywa. Jeni inaamka, dume anaanza kubeba mayai." Akamgeukia Kiden. "Mama, watoto wa samaki unaweka wapi?"

Jibu Kiden alikuwa nalo, lakini mke hamtaji shemeji yake kwa ubaya mbele ya wazee. Akimtaja, kesho atatupwa nje bila hata kuonyeshwa mlango. Akamtazama Candia. Candia akaitikia kwa kichwa.

"Kwa pipa ya buluu," akasema. "Korongo wanawamaliza bwawani. Nawaweka kwa pipa mpaka wakomae."

"Pipa ya nini?"

"Ya dawa ya tumbaku. Shemeji alinipa, misimu mbili sasa."

Adriko akaruka kutoka kitini. "Uongo! Ile pipa nilisugua mimi mwenyewe na majivu! Haina harufu hata kidogo!"

"Harufu inaondoka, mzee," Santino akajibu. "Dawa inabaki."

"Kijana, usinichekeshe! Kama pipa ya dawa ni mbaya, basi sisi wote hapa..."

Akageukia vibuyu. Nyuma ya Eyotaru, likitoa povu jeupe la kwete, lilisimama pipa jingine la rangi ileile ya buluu.

Candia akaweka kibuyu chake chini taratibu.

"Kaka," akasema, "ulileta pipa mbili."

Adriko akaketi. Mkono wake ukapanda, ukapapasa kifua kama mtu anayetafuta kitambulisho kwenye kizuizi cha askari.

"Hii dawa," akauliza kwa sauti ndogo, "kwa mwanamume inafanya nini?"

"Mimi ni mtu wa samaki, mzee. Kwa watu, sijui."

Jibu hilo liliwatisha kuliko laana. Kiden akainuka mkekani bila kuomba ruhusa ya mtu, akalikumbatia pipa la kwete, akaliangusha upande usioelekea bwawani.

Hakuna aliyemzuia. Wala hakuna aliyetaja tena njia ya Dranya.