Kuku wa Noeli kwenye Stempu

Enzi zetu, na nyinyi tuliokua pamoja mtaani Kikula mtanisahihisha nikikosea, barua haikuwa kitu cha kusoma peke yako umejifungia chumbani. Ilifika mchana, pembe zimechakaa, imebeba vumbi la njia nzima kutoka Kasongo, na Papa aliifungua mbele ya wote waliokuwa uani. Yeye alitaka habari za kaka zake. Sisi watoto tulitaka stempu, ambazo tuliziita tembre. Bahasha iliwekwa kwenye kisahani cha maji, tukaizunguka kimya mpaka gundi ilegee na kile kipande kidogo chenye meno kianze kuelea. Kisha tulikibandika kwenye kioo cha dirisha kikauke, na ole wake aliyekigusa kabla ya wakati.

Hebu waambieni hayo vijana wa leo. Binti yangu aliponikuta mezani nachora stempu, aliinama akatazama, akaniuliza: "Maman, ni sticker? Utatutumia mu groupe?" Nilicheka mpaka miwani ikashuka puani. Nikamweleza kwamba ni kikaratasi cha kubandika kwenye barua, na kwamba zamani watu walikilamba kwa nyuma ili kishike. Hapo akakunja uso. Mtoto anayekula huku anapapasa simu kwa mkono uleule ananikunjia uso mimi kwa sababu ya ulimi!

Mimi nafundisha uchoraji hapa Likasi. Kamati moja inayotayarisha stempu za kumbukumbu iliniomba nichore nne juu ya utamaduni wa nchi yetu. Nilikubali haraka, nikajuta haraka zaidi. Siku ya kwanza nilichora kinyago. Kilitoka kizuri, macho yamefumbwa, mdomo umetulia, nikarudi nyuma kukitazama kwa mbali, ndipo nikajiuliza nilikiona wapi. Si Kikula. Papa alikuwa dereva wa lori, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Jirani zetu walikuwa Wakatoliki, watu wa kiwandani, huyu Mluba, yule Msanga, mwingine Mbemba, na katika nyumba zao zote sikuona hata kinyago kimoja. Kile nilikuwa nimekiona kwenye stempu, juu ya barua za Kasongo. Yaani nilikuwa nanakili stempu ili nichore stempu. Nikaiweka kando karatasi ile, nikaamua kwamba nitachora tu mambo ambayo mtaa wetu uliyafanya kwa mikono yake.

Ya kwanza ikaja yenyewe: motoka ya waya. Mnazikumbuka? Wavulana waliokota nyaya, wakazikunja mpaka zikawa lori kamili lenye tela, magurudumu ya vifuniko vya kopo la rangi ya viatu, na usukani mrefu uliomfikia dereva kifuani. Kaka yangu alipita nalo barabara nyekundu ya kwetu akiunguruma kwa mdomo, akipiga honi kwa mdomo, akibadili gia kwa mdomo, na akifika nyumbani alilirudisha nyuma polepole na kuliegesha kando ya lori la Papa. Siku hizi mtoto gari lake la plastiki likivunjika gurudumu, analia mpaka anunuliwe jingine. Kaka yangu likivunjika alifurahi, maana alikuwa amepata sababu ya kuliunda upya.

Ya pili ni mikono ya wasichana wawili juu ya shimo dogo lililojaa vijiwe. Unarusha kimoja juu, unavuta vingine kutoka shimoni, unakidaka kile cha juu kabla hakijaanguka. Mwenzangu katika mchezo huo alikuwa Béa, mtoto wa jirani yetu Papa Kaseba. Huyo msichana alikuwa na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, alishinda na kusema alishinda mpaka kesho yake. Kati ya vijiwe vyetu kulikuwa na vya kijani, vya malakiti, lile jiwe la machimbo ya shaba, ambavyo sisi tuliviokota kama kokoto nyingine tu. Kijani hicho ndicho nimekipaka nyuma ya picha zote nne.

Ya tatu ni chakula, na hapa nilipata taabu kwa sababu njaa iliniingilia kazini. Sinia la bukari, ugali wetu, linatoa moshi, pembeni kuna vinkubala, wale viwavi, waliokaangwa wakakauka vizuri, na bowa, ule uyoga ambao Mama Béa aliufuata njia ya Mulungwishi mvua zikianza. Kando nimeweka kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Kwetu tulikunywa ule wa siku hiyohiyo, mtamu bado, kabla haujaanza kuchachuka. Mama alinigombeza sana kwa kulisogelea sinia la jirani. "Mwamini, kila siku kula kwa Mama Béa tu? Bantu batasema miye sipikake!" Alisema hivyo, na wakati huohuo Béa alikuwa jikoni kwetu, mashavu yamejaa.

Hizo tatu zilinichukua muda mfupi. Ya nne ndiyo iliyonisumbua. Nilijua ni ipi, ila niliogopa kwamba nikiichora vibaya kamati wataikataa, na wakiikataa sina mahali pengine pa kuiweka.

Ni ile desturi ya kuku wa Noeli. Kwetu Mkatoliki hakumchinja kuku wake wa sikukuu. Alimleta kwa Papa. Si kwamba hakuwa na kisu. Alijua kwamba akimchinja mwenyewe, siye Waislamu hatutamla, na sikukuu gani hiyo ambayo jirani hali? Kwa hiyo siku ya kuamkia Noeli, Papa alikaa kwenye kigoda mbele ya geti, kisu kimenolewa kwenye ngazi, na foleni ilijipanga: watoto na mama zao, kila mmoja na kuku aliyefungwa miguu kwa mpira wa baiskeli. Papa alimgeuza kila kuku aelekee kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Kibla chetu, kwa jinsi nyumba ilivyokaa, kilipita sawasawa kwenye mnara wa parokia, na watu walimtania Papa kwamba anasali akitazama kengele ya Padri. Hakupokea chochote kwa kazi ile, hata kichwa cha kuku. Na kesho yake sahani zilipita kutoka nyumba hadi nyumba, zimefunikwa vitambaa. Mama Béa alikuwa na sufuria iliyoning'inia kwenye msumari wake peke yake. Nguruwe hakuingia humo hata siku moja. Iliitwa sufuria ya kina Mwamini.

Sasa mwaka mmoja, wakati wa vumbi, nguruwe wa Papa Kaseba alitoroka. Alitoboa ua, akaingia kwetu, akaukuta mkeka wa Papa wa kusalia umeanikwa chini, akaona ni mahali pazuri pa kulala. Papa alirudi kutoka Kakanda amechoka, macho mekundu, akakuta hali hiyo. Akachukua fimbo. Nguruwe alirudi kwao anachechemea, na nyuma yake Papa anapiga kelele.

"Nguruwe yako inalala pa mukeka yangu ya kusalia! Sasa nisalie wapi, mu vumbi?"

"Ile nguruwe njo inalipaka masomo ya batoto yangu!" Papa Kaseba akajibu. "Weye unaipiga mpaka inachechemea?"

Yalisemwa na mengine ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo wanaume hao wawili hawakusalimiana. Wakikutana bombani, mmoja alikumbuka ghafla kitu alichosahau nyumbani. Wake zao waliendelea kuombana chumvi kupitia tundu lilelile la nguruwe, na mimi na Béa tuliendelea na vijiwe vyetu, ila tulicheza kwa sauti ya chini. Siku zilivyosogea, watoto wengine waliongelea nguo mpya za Noeli. Sisi wawili tulikuwa na swali moja tu: je, Papa Kaseba ataleta kuku? Asipoleta, basi mimi sitakula kwao tena, wala Béa hatakula kwetu bila aibu, na hilo tulilielewa ingawa hakuna mtu mzima aliyetufafanulia.

Siku ikafika. Foleni ikajipanga, ikasogea, ikaisha. Papa Kaseba hakuonekana. Béa alikuja kwenye tundu la ua, nywele zimesukwa nusu, machozi karibu.

"Papa yangu iko ananoa kisu yake," akaninong'oneza. "Na maman hayatosha bado sufuria yenu ku musumari, iko inaning'inia tu."

Nililia waziwazi, sioni aibu kusema. Nikaenda kumtazama Papa. Kazi ilikuwa imekwisha lakini hakuinuka. Aliosha kisu, akakipangusa, akakitazama, akakiosha tena. Mama akatokea mlangoni. "Papa Mwamini, kuku zilishaisha. Ingia basi, mvua iko inakuya." Papa akamjibu bila kugeuka: "Acha kisu ikauke kwanza." Alisema hivyo huku manyunyu yanamwangukia kichwani. Mama akarudi ndani akitabasamu, na mimi sikuelewa anatabasamu nini.

Kisha nikamwona Papa Kaseba anakuja, jogoo mkubwa mwekundu chini ya kwapa, kisu mkononi kwake hakuna. Hakusalimia. Papa naye hakunyanyuka. Papa Kaseba alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akamlaza jogoo, akamshika miguu na mabawa, kisha, bila kuambiwa na mtu, akamgeuza kichwa upande wa mnara wa kanisa. Papa alibaki amekitazama kichwa kile cha jogoo. Hata yeye, nadhani, hakuwa amejua kwamba jirani yake miaka yote ile alikuwa akiangalia.

"Legeza mabawa kidogo," Papa akasema. "Utamuvunja."

"Weye chinja tu. Mama Béa alishatosha sufuria yenu, iko pa moto."

Basi. Hakuna aliyeomba msamaha, na hakuna aliyeutaja mkeka. Papa alichinja, wakabaki wameinama pale wote wawili wakimshika jogoo mpaka atulie, na wakati bado wamemshika walishaanza kubishana juu ya mechi ya mpira. Mimi na Béa tulikimbia kuzunguka nyumba mpaka kitambaa changu cha kichwani kikaanguka. Kesho yake nilikula mpaka nikalala kwenye mkeka wa kina Béa.

Hicho ndicho nilichochora kwenye stempu ya nne. Mwanzoni niliweka vyote: geti, foleni, manyunyu, sufuria. Kazi ya stempu unaichora kubwa, kisha unaipunguza mpaka itoshe kidole gumba, na nilipoipunguza ile ilikuwa doa tu. Nikafuta geti. Nikafuta watu. Nikafuta hata nyuso zao, na hilo liliniuma. Ikabaki mikono ya watu wawili, miwili ya kushika na miwili ya kuchinja, na jogoo mwekundu kwenye kijani, kichwa kimegeuzwa.

Kamati walizipokea zile tatu kwa vicheko. Kila mtu alikuwa na hadithi ya motoka yake ya waya. Walipofika kwenye ya nne, waliipitisha mkono kwa mkono. Katibu wao ni kijana mzuri, mwenye adabu, amesoma. Aliisogeza karibu na macho.

"Maman Mwamini, huyu wa pili iko anafanya nini? Bantu babili kwa kuku moya?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, hata simu aliigeuza kifudifudi.

"Na juu ya nini hakuchinja ye mwenyewe?"

"Angechinja ye mwenyewe, siye hatungekula."

Akafikiri kidogo. "Si mungekula tu yenu?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu ambaye hajui. Mwenyekiti, ambaye ni wa rika letu, alitazama dirishani. Mimi nilianza kuzikusanya karatasi zangu.

Simlaumu kijana. Kuku wake anatoka dukani ndani ya katoni, amegandishwa, hana kichwa wala miguu, na alielekezwa upande gani hakuna anayejua. Hahitaji kumgongea mtu geti. Noeli kila nyumba inapika yake, Idi kila nyumba inapika yake, na jioni watu wanatumiana picha za sahani. Picha ni nzuri sana, lazima niseme, zinang'aa kuliko chakula chetu kilivyowahi kung'aa.

Stempu ilipita. Ila waliniomba niongeze mstari chini yake, kwa sababu vijana hawataielewa. Zile tatu zina jina la nchi tu. Hii nimeiandikia, kwa herufi ndogo mno: *Jirani anamchinja kuku wa Noeli ili wote tule.* Nilipomaliza niliyasoma maneno hayo kwa sauti, peke yangu pale mezani, nikalia. Papa na Papa Kaseba wamelala wote sasa, mmoja upande huu wa makaburi, mwenzake upande ule. Wangeamka leo wakaiona stempu hiyo, wangeupitishia kidole mstari ule na kuniuliza ni nani asiyejua jambo hilo, hata ikabidi liandikwe.