Machage na Miwani ya Vioo Vinne

Mwaka ule wa tisini na mbili, kila mtu pale Matongo alikuwa na upande wake kwenye dhahabu. Kuna waliochimba, kuna waliosaga, kuna waliouza chai na mandazi kwenye midomo ya maduara, kama wachimbaji walivyoyaita mashimo yao. Machage alikuwa mtu wa baiskeli. Alibeba viroba vya mawe kutoka maduarani hadi kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia, kilomita sita za kupanda na kushuka.

Asiyewahi kubeba mawe kwa baiskeli hudhani taabu iko miguuni. Taabu iko kwenye gurudumu la mbele. Viroba viwili vikishafungwa kwenye keria, baiskeli inataka kusimama kwa miguu ya nyuma kama beberu. Dawa yake ni moja: ulale kifua juu ya usukani, uzito wako uikandamize mbele. Lakini ukilala hivyo macho yanatazama tairi, na kama unataka kuiona njia inabidi uikunje shingo kwenda nyuma, uishikilie hivyo kilima chote. Machage aliikunja shingo yake miaka minne.

Mwaka wa tano ikamkatalia. Asubuhi aliamka imekaza kama gogo, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa na ganzi isiyotoka hata akiviuma. Alikwenda zahanati, kwa Nesi Honoratha, mwanamke wa Bukoba aliyeletwa huko na kazi ya serikali, asiyejua kuzungusha maneno.

"Machage, ukiendelea kuikunja hii shingo, mikono itakufa kabla yako," alimwambia. "Na siku ukianguka nayo, sijui kama utainuka."

"Sasa nesi, niendeshe bila kuona njia?"

"Uache kuendesha."

"Niingie shimoni? Mimi shimoni pumzi inakata. Nimejaribu mara mbili, nimetolewa kama maiti."

Nesi alimpa vidonge vya maumivu, akamwita mgonjwa mwingine.

Wiki hiyohiyo Machage alikwenda Tarime mjini kutengenezesha saa ya mke wake, Robi. Fundi saa pale sokoni aliitwa Nassib. Babu yake alikuja kutoka Pangani na sanduku la vifaa, na kazi ikabaki kwenye ukoo. Nassib alikuwa ameinamia saa, lenzi jichoni, wala hakuinua kichwa.

"Karibu, mzee wa Foniksi," alisema. "Egemeza baiskeli vizuri, hapo ukutani inateleza."

Machage alishtuka. "Umeionaje, na wewe umeinama?"

Nassib alicheka, akamwonyesha kipande cha kioo alichokiegemeza mbele yake mezani. "Kazi yangu ni ya kuinama kutwa. Kila mteja nikimwinulia kichwa, jioni shingo si yangu. Kwa hiyo mlango naulinda kwa kioo."

Machage alisimama palepale, saa ya Robi mkononi, akasahau kilichomleta. Kisha akavuta kigoda na kumweleza fundi habari ya viroba, kilima na shingo.

Miwani ya kwanza aliyomtengenezea Nassib ilikuwa fremu kuukuu nyeusi, chini ya kila jicho kimefungwa kioo kimoja kwa mshazari. Machage aliivaa, akainamisha kichwa, na kweli akaiona barabara iliyo mbele. Lakini aliiona imepinduka: ardhi iko juu, mbingu iko chini, na watu wanatembea kichwachini kama popo. Hakufika mita hamsini. Aliona mbuzi, akakwepa kule alikodhani ni pembeni, akaingia mtaroni na baiskeli yake, soko zima likashangilia.

Nassib hakushangilia. Aliokota miwani, akaigeuzageuza. "Kioo kimoja kinapindua," alisema polepole. "Basi cha pili kitapindua kilichopinduliwa."

Ilimchukua majuma mawili. Alivikata vioo vyembamba kama kucha, akavipanga viwiliviwili ndani ya vijisanduku vya bati, kimoja kikimpa mwenzake picha. Machage alipoivaa tena, kidevu kikiwa kifuani na shingo imelegea, barabara ilikuwa mbele yake, miti imesimama wima. Aliona kwa wembamba, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli, na ilimbidi ajifunze kutupa jicho nje ya kijisanduku ili alione tairi lake. Lakini shingo ilikuwa imepumzika. Wachimbaji walimwita Kinyonga. Machage aliwaacha waite. Ndani ya mwezi mmoja ganzi ilibaki kwenye kidole kimoja.

Robi hata hivyo hakuridhika. Aliogopa neno la nesi, lile la kuanguka. Mvua za Aprili zilipoanza na njia ikawa utelezi, alimwomba mume wake aiweke baiskeli ndani mpaka ardhi ikauke. Machage akakubali.

Siku ya nne ya mvua, saa nne asubuhi, zilisikika kelele upande wa maduara. Maji yaliyojaa kwenye shimo la zamani yalikuwa yametoboa ukuta na kumiminika kwenye duara la jirani. Wachimbaji saba walipanda kamba wakatoka. Wawili walibaki ndani, kwenye pango la pembeni lililochimbwa kupanda juu kidogo, ambako maji yalikuwa hayajafika. Walikuwa Rubeni, mtoto wa mama mmoja mjane, na Simioni, mdogo wake Robi.

Waliokuwa juu waliwasikia. Walikuwa wanagonga jiwe kwa nyundo mbili, wakipokezana: ko, ko, ko, kimya, ko, ko, ko, kimya.

Walichota kwa ndoo, lakini kila ndoo iliyotoka, maji yalirudi. Pampu ya pale ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Mtu mmoja akakumbuka kwamba Bwana Melkiori, afisa kilimo, alikuwa na pampu ya dizeli ya kumwagilia bustani ya mfano huko Kemambo, kilomita kumi na mbili. Lori lipo, lakini daraja la mto lilikuwa limepoteza mbao zake zote, limebaki magogo mawili. Wakasema waende vijana wanane, waibebe mabegani.

"Kwa tope hili?" mzee mmoja akauliza. "Mtarudi saa kumi. Saa kumi hao watakuwa wameshakunywa maji."

Machage alikuwa amesimama uani kwake, habari zikimfikia kwa vipande. Robi alikuwa mlangoni. Hakulia. Alimtazama mume wake, kisha akatazama ndani ilikoegemezwa baiskeli, kisha akageuza uso haraka, kana kwamba macho yake yamemsaliti. Alikuwa amemwomba asipande. Sasa hakuweza kumwomba apande.

Machage naye alisimama. Alijigusa shingo. Alimkumbuka nesi. Alisimama hivyo muda gani, baadaye alijiuliza mara nyingi. Pengine robo saa, pengine zaidi. Mwisho Robi alisema, bila kugeuka, "Baba Nyangi, fanya lile ambalo moyo wako utaweza kuishi nalo."

Alichukua miwani kwenye msumari akatoka.

Kwenda kulikuwa kwepesi, kwa kuwa keria ilikuwa tupu. Magogo ya daraja aliyavuka akiwa ameibeba baiskeli begani. Bwana Melkiori hakuuliza maswali. Alifungua pampu kwenye bolti zake. Ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Waliilaza kwenye keria, wakaifunga kwa mipira ya tyubu, wakazungusha bomba juu yake na kutundika dumu la dizeli pembeni. Machage alipoikamata, gurudumu la mbele liliinuka hadi magotini.

"Haiwezekani, bwana Machage," afisa alisema.

"Nisukume mpaka nipande. Halafu nifuate na baiskeli yako. Darajani nitakuhitaji."

Alilala juu ya usukani kama mtu aliyelala juu ya mgongo wa ng'ombe. Kidevu kifuani. Ndani ya vijisanduku, njia ya Kemambo ikajinyoosha mbele yake, nyembamba na nyekundu, na akaanza kukanyaga.

Kilima cha kwanza alikipanda kwa pumzi za kuhesabu. Mvua ilirudi alipofika kileleni. Tone moja likatua kwenye kioo cha kulia na nusu ya dunia ikayeyuka. Hakuwa na mkono wa kufutia. Akiachia mmoja, baiskeli inasimama na kumtupa chali na pampu juu yake. Alifumba jicho la kulia, akaenda kwa la kushoto.

Mteremko wa kwenda mtoni ulikuwa mbaya kuliko mlima. Breki za vyuma zililia, zikalowa, zikaacha kulia, na zilipoacha kulia alijua haziko tena. Mzigo ulimsukuma. Akaona kwenye kioo kile kimoja, mbali bado, kitu kama ukuta wa kahawia unaotembea: ng'ombe, kundi zima, wanaikata njia.

Zamani, kwenye mteremko kama huo, shingo ingekuwa imeshachoka na yeye angekuwa anatazama tairi. Angewaona wakiwa puani. Sasa alikuwa na mita mia hivi.

"Toa ng'ombe, mura! Toa!" alimpigia kelele kijana aliyewachunga. "Sina breki!"

Mchungaji aligeuka, akaona kitu kinakuja ambacho hakina kichwa, mgongo tu na mzigo. Alipiga fimbo kushoto na kulia kama aliyepagawa. Kundi likapasuka. Machage alishusha viatu vyote viwili chini, akayaburuza matope, akapita kwenye ule mwanya. Pembe ya dume ilichana shati lake toka kwapani hadi kiunoni. Hakugeuka. Baiskeli ilisimama yenyewe kwenye mchanga wa mto.

Melkiori alimkuta bado amelala juu ya usukani. Walishirikiana na watu wa ng'ambo kuvusha pampu juu ya magogo, hatua kwa hatua, maji yakinguruma chini ya nyayo. Machage alifuta vioo vyake kwa kipande cha shati kilichochanika. Kisha wakamsukuma akapanda tena.

Kilomita tano za mwisho hakuzikumbuka vizuri. Alikumbuka kioo, na njia ndani ya kioo. Alikumbuka vidole vikipoteza uhai kimoja baada ya kingine mpaka akawa anashika usukani kwa viganja. Alipofika kwenye maduara, watu waliinyakua pampu kabla hajasimama. Yeye hakuweza kushuka. Wanaume wawili walimwachanisha mikono na vyuma, wakamkalisha chini, kichwa kikiwa bado kimeinama.

"Wanagonga?" aliuliza.

Mtu mmoja aliinama kwenye mdomo wa shimo, akatega sikio. Kisha akasema, "Anagonga mmoja."

Pampu ilikataa mara mbili, ya tatu ikakohoa, ikashika. Ilivuta maji kuanzia saa saba mchana hadi karibu saa kumi na moja. Nesi Honoratha alikuwa amefika na mfuko wake. Alipita, akamwona Machage pale chini, akamfunga kitambaa kigumu shingoni, akaenda kusubiri kwenye mdomo wa shimo. Robi alikuwa amesimama hapo muda wote, ameshika kamba ambayo hakuna aliyemwambia aishike.

Simioni alitolewa akiwa hai, midomo ya bluu, nyundo imekwama kiganjani. Alipoweza kusema alisema hivi: maji yalipofika kiunoni, Rubeni aliona hakuna anayekuja. Alivuta pumzi, akapiga mbizi ili atafute njia ya kutokea. Simioni alimshika mguu, mguu ukateleza. Hiyo ilikuwa nusu saa tu, pengine pungufu, kabla hajasikia mngurumo wa pampu.

Nusu saa. Machage alilisikia neno hilo akiwa ameketi kwenye tope, na likaingia ndani yake likakaa.

Watu walimsifu. Robi alimkandia shingo kwa maji ya moto kila siku na hakuligusa lile jambo, ila mara moja alisema, "Tulisimama wote wawili uani. Usiubebe mzigo huu peke yako." Nassib alipopata habari alitengeneza miwani nyingine kumi na moja kwa wabeba mawe wa Matongo. Machage hakurudi kubeba mawe. Nesi alisema kweli: kidole kimoja hakikuamka tena mpaka leo.

Kitu kimoja alikiogopa kuliko vyote, nacho ni kukutana na Mogesi, mama yake Rubeni. Msibani alikaa nyuma kabisa. Njiani akimwona mbali, alipita mashambani.

Siku arobaini zilipopita, Mogesi alikuja mwenyewe. Machage alikuwa anapalilia mihogo. Aliangusha jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa na gunia la mahindi kichwani, alilitua katikati yao. "Unanikimbia mwanangu, kwa nini?"

Machage alifungua mdomo. Alitaka kumweleza habari ya pale uani, jinsi alivyosimama. Alimweleza yote, neno kwa neno, akitazama ardhi.

Mogesi alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka mkono juu ya gunia. "Umeniumiza," alisema. "Lakini ni vizuri nimeambiwa na wewe." Akakohoa. "Mahindi yangu alikuwa ananipelekea Rubeni mashineni, kila Jumamosi. Mimi kichwa hakiwezi tena. Utanipelekea?"

"Nitapeleka, mama."

Alilifunga gunia kwenye keria. Halikuwa zito, hakuwa na haja ya kulala juu ya usukani, wala hakupanda. Aliisukuma baiskeli taratibu, na Mogesi akatembea kando yake, ameshika gunia kwa nyuma lisiteleze.