Sahihi ya Kumi na Nne

Barua ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme saa nne asubuhi. Aliyeisoma kwa sauti alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa kuwa nguzo yenyewe iko mbele ya karakana yake. Karakana zote za kando ya barabara zibomolewe ndani ya siku thelathini. Mafundi wahamie eneo jipya nyuma ya machinjio, kilomita kumi na moja kutoka mjini. Cheche akasogeza uso karibu na karatasi ya pili.

"Mama Springi! Njoo uone maajabu. Kumbe wewe mwenyewe ndiye uliyeomba tufukuzwe!"

Mama Springi alikuwa amepiga magoti ndani ya fremu ya kochi la watu watatu, misumari midogo mdomoni. Akaitemea kiganjani, akavuka mtaro. Barua ilisema halmashauri imechukua hatua hiyo "kwa kuzingatia maombi ya wafanyabiashara wenyewe kupitia chemba yao," na chini yake yakafuata majina sitini na matatu. La kumi na nne lilikuwa lake. Sahihi nayo ilikuwa yake, ile yenye mkia unaorudi nyuma na kulikata jina katikati. Hakuna aliyeighushi.

"Mimi sikusaini kitu hiki."

"Basi mkono wako una pacha," Cheche alisema. Hakuwa akicheka.

Mama Springi ametengeneza makochi kando ya barabara hiyo kwa miaka kumi na tisa. Alianza kwa kumshikia mumewe kamba za springi. Mume alipopooza mkono wa kulia, yeye akashika nyundo, na wifi yake, dada wa mume, akakaa kwenye cherehani kushona vitambaa. Hawana duka wala tangazo. Wateja wao ni wapita njia: mtu anaona kochi, anasimama, analikalia, anajirusharusha mara mbili kama mtoto, anauliza bei. Nyuma ya machinjio hapiti mtu asiye na ng'ombe.

Alijiunga na chemba ya biashara miaka miwili iliyopita, baada ya kuandika barua tatu za kuomba kazi ya kutengeneza viti vya shule na zote kukaliwa kimya. Aliambiwa ofisi za watu hazisomi barua ya fundi mmoja mmoja. Siku hiyo Cheche alimcheka mpaka akavua kofia yake ya kuchomelea.

"Chemba? Chemba mimi naijua moja tu, ile wanayoifunua maji machafu yakiziba."

"Na ipo nyingine," wifi akadakia kutoka kwenye cherehani, "ile ya kumvuta mtu pembeni umnong'oneze. Wifi, usije ukavutwa."

Alijiunga hata hivyo. Kwa haki, hakutoka mikono mitupu. Alipata kalenda mbili na kofia. Alipata pia kujuana na mama mmoja muuza vitambaa aliyekubali kumkatia nusu jora kwa bei ya jumla, na hilo peke yake lilimsaidia kuliko semina zote nne alizohudhuria. Kazi ya viti vya shule ilikwenda kwa Mwenyekiti wa chemba, mwenye duka kubwa la fanicha zinazoshushwa kwenye makontena.

Sasa, mbele ya nguzo, alikumbuka sahihi ilitoka wapi. Ilikuwa semina ya ufungashaji bidhaa. Karatasi ilizungushwa mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kusimama kuifuata chai. Ilikuwa imekunjwa, kichwa chake kikiwa kwa nyuma. Mtu alisema, "Mahudhurio hayo, mama, weka sahihi umpitishie mwenzio." Mama Springi akaiweka juu ya mgongo wa mzee aliyekuwa mbele yake, akaandika, akapitisha. Nani husoma karatasi ya mahudhurio?

Hapo hasira ikampanda, na ilianza kwake mwenyewe. Kila mteja wake, yeye humpindulia kochi miguu juu, akamfungulia kitambaa cheusi cha chini ili aone mikanda na springi. "Uso wa kochi hudanganya," huwaambia. "Tazama tumbo." Karatasi nyepesi kama ile ikamshinda kupindua.

"Sikiliza," Cheche alisema. "Wewe umetapeliwa, sawa. Mimi je? Mimi si mwanachama. Sijasaini. Nahamishwa na mkono wako."

Mama Springi alivua aproni, akaenda mjini na vumbi la sponji kichwani.

Ofisi ya chemba iko ghorofa ya tatu. Katibu, kijana wa suti inayombana mabega, alimkaribisha kwenye kochi. Mama Springi alilikalia na papo hapo makalio yake yakagusa ubao. Hata mwaka halina, akajisemea, na limekwisha kufa.

"Dada yangu, kwanza tulia," Katibu alianza.

"Mimi ni rika la mama yako. Nani aliigeuza karatasi ya mahudhurio kuwa maombi?"

"Ilikuwa mahudhurio na azimio kwa pamoja. Kichwa kiliandikwa wazi."

"Kilikunjwa wazi."

Katibu alitazama mlango, akashusha sauti. "Mama, hebu tusogee pale dirishani tuongee kidogo. Kule eneo jipya kuna vibanda vya mbele, karibu na lango. Chako naweza kukiwekea alama leo hii. Usiende kuwaambia wengine."

Maneno ya wifi yakamrudia sikioni. Akasimama.

"Kuna vibanda vingapi vya mbele?"

"Sita."

"Na sisi pale barabarani tuko thelathini na mmoja. Nipe katiba ya chemba."

"Katiba?"

"Nimelipa ada miaka miwili na sijawahi kuiona. Nipe, au nakaa kwenye hili jeneza lenu mpaka jioni."

Aliisoma hapo hapo, kidole kikifuata mstari. Kifungu cha kumi na tisa: wanachama ishirini wakitia sahihi, mkutano wa dharura lazima uitishwe ndani ya siku kumi. Siku tatu zilizofuata hakupiga msumari hata mmoja. Alimtembelea mwanachama mmoja mmoja: muuza vitambaa, fundi viatu, mwenye mashine ya kukoboa. Kila mmoja alipokimbilia kalamu, alimshika mkono. "Soma kwanza. Huwezi, nakusomea. Lakini usinisainie kama ulivyowasainia wale." Mwenye mashine alikasirika, akamwambia haambiwi kusoma na fundi makochi. Mama Springi akamsomea kwa sauti, wateja wote wa mashine wakisikia. Mwenye mashine akasaini, wa ishirini.

Kwenye mkutano, Mwenyekiti aliongea dakika arobaini juu ya sura ya mji. Mama Springi aliuliza swali moja: "Waliokuja semina ile kuomba karakana zivunjwe, na si kujifunza ufungashaji, wanyooshe mikono." Ilinyooshwa mitano, na wote watano walikuwa wenye maduka. Kura zilipopigwa, azimio lilifutwa kwa thelathini na nane dhidi ya kumi na tisa, na barua ya kulifuta ikapelekwa halmashauri kesho yake, yeye akiwa nyuma ya Katibu hatua mbili mpaka ikapigwa muhuri. Bomoabomoa ikasimamishwa mpaka mafundi wasikilizwe.

Walioileta habari kando ya barabara walipiga vigelegele. Yeye hakupiga. Alirudi kwenye kochi lake, akapigilia mkanda kwa nguvu mpaka misumari mitatu ikapinda.

"Umeshinda, wifi, na bado umenuna?" wifi aliuliza.

"Nimeshinda nini? Nimerudishiwa kilichokuwa changu. Siku kumi na tatu zimepotea, na yule bwana bado ni Mwenyekiti."

Mwisho wa mwezi alitoa tena ada ya chemba. Cheche alipoona risiti, alitupa koleo chini.

"Unawalipa tena? Baada ya haya yote?"

"Siwalipi wao. Nalipia kiti changu. Nisipokuwepo, unafikiri karatasi inayofuata wataizungusha wapi?"

"Na mimi nisiye na kiti?"

"Njoo ukakae."

"Wewe uliyekuwa ndani ndiye uliyetuponza, Mama Springi. Sisi wa nje hatukumponza mtu."

"Kweli," alisema. "Na nyinyi wa nje msingeweza kuizuia. Hilo nalo ni kweli, na linaniuma zaidi."

Cheche aliokota koleo lake. Alishusha kofia usoni na kuendelea kuchomelea geti la watu, na tangu siku hiyo humwamkia kwa heshima zote, bila ule utani wao wa zamani.