Galaksi Jirani Isiyobadilika

Kokulinda Rwekaza alifundisha fizikia miaka kumi na mmoja katika shule ya Mkuyuni, kisha akaacha chaki akaenda kusomea elimu ya nyota. Sasa alifanyia kazi nyumbani kwake Buswelu. Alipokea vipimo kutoka madishi ya kusini mwa Afrika yanayonasa mawimbi ya redio ya angani na kuvigeuza kuwa picha.

Nyota aliyoifuatilia ilikuwa imeshakufa. Ililisogelea mno shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ya mbali, likairarua vipande vipande. Miaka mitatu madishi hayakusikia kitu pale, wenzake wakakata tamaa. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania waangalie tena. Na kweli, doa la mawimbi lilikuwa limejitokeza pichani, tena lenye nguvu. Leo saa sita mchana taarifa ingetumwa kwa wataalamu dunia nzima, jina lake likitangulia.

Saa nne asubuhi alipitia picha mara ya mwisho. Jicho lake likatua pembeni, kwenye galaksi nyingine, jirani, ambayo nguvu ya mawimbi yake haikuwahi kubadilika. Leo ilikuwa imeongezeka mara mbili.

Akashika kichwa: kama kipimo cha galaksi hiyo si sahihi, basi na cha doa si sahihi.

"Mbona hivyo, mwanangu?" aliuliza mama yake, Bernadetta, aliyekuja kumtembelea kutoka Muleba. Alikuwa akimenya ndizi.

"Nadhani nimekosea, mama. Na watu wameshaniamini."

"Si uwaambie kabla hawajaendelea?"

Akampigia Dakta Nkwabi, kiongozi wa kikundi chao.

"Shikamoo, Daktari. Naomba taarifa isitoke."

"Marahaba, Mwalimu. Isitoke? Nimebakiza kuituma tu!"

"Vipimo vyangu vina kasoro. Nipe muda nitafute."

Nkwabi akauliza, "Na ukikuta doa lenyewe halipo?"

"Basi tutaifuta taarifa yote," alijibu.

Alisoma maagizo aliyoiandikia kompyuta mstari kwa mstari, akiomba umeme usikatike. Kosa akalikuta. Kila picha hupimwa kwa kuilinganisha na galaksi maalumu, si ile jirani, ambayo nguvu yake inajulikana, na yeye alikuwa ameandika nguvu hiyo mara mbili ya ile ya kweli. Akasahihisha, akaiacha mashine ichakate upya. Dakika arobaini alizunguka uani, hakai, hasimami. Miaka mitatu ya kubembeleza watu ingeweza kuishia hapo.

Picha ilipofunguka, ile galaksi jirani ilikuwa imerudi kwenye nguvu yake ya zamani. Doa lilikuwa limepungua nusu. Lakini lilikuwepo, bayana kabisa: mabaki ya nyota yaliyotupwa nje yalikuwa yakiigonga gesi iliyolizunguka shimo lile.

"Lipo, Daktari," alisema kwenye simu. "Ni dogo kuliko nilivyosema. Naomba wenzetu waelezwe kwamba kosa lilikuwa langu."

"Watalisikia kwako mwenyewe," Nkwabi alisema kwa upole. "Hongera, Mwalimu."

Taarifa ikatoka saa nane, ikiwa na namba sahihi. Mama yake akampakulia ndizi, akasema sasa apumzike. Kokulinda alikula matonge mawili, akasukuma sahani, akafungua maagizo ya picha zake za mwaka jana. Zilikuwa nne. Akaanza kuutafuta mstari uleule, aone kama na huko alikosea.