Mikono ya Mtunza Kuvu

Mtunza kuvu wa maabara yetu hapa Akita, Japani, alinawa mikono hadi viwikoni mara tatu, akainusa, ndipo akagusa chupa. Ndani ya chupa hizo mlikuwa na kuvu za kuchachushia mchele wa sake, pombe ya Kijapani, aina mia nne, naye kila asubuhi aliziamkia kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuusikia. Kwa miaka thelathini na moja hakuonja nato, zile soya zinazonata, kwa sababu vijidudu vyake vikifika kwenye kuvu vinaziharibu zote. Mumewe alizipenda sana soya hizo, basi akawa anazilia nje barazani, hata theluji ikianguka, mpaka alipofariki. "Mama, onja basi punje moja," mwenzetu Mizobuchi alizoea kumtania. "Kula wewe, halafu usinisogelee," alimjibu, wala hacheki.

Mwaka huu ililetwa mashine ya kuhudumia chupa, naye akahamishiwa kwenye makaratasi. Aliendelea kunawa mara tatu, akinusa, kisha anakaa mezani na kalamu. Jana mchana nilimkuta kwenye benchi nyuma ya jengo, kikopo cha nato mapajani, anakoroga polepole kama mtu asiyesubiriwa popote. Nikauliza, "Mama, na chumba cha kuvu je?" Akainua vijiti, utelezi ukavutika mpaka ukakatika, akatia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu.

"Mume wangu alikuwa anasema kweli," akasema. "Ni tamu."